Pua ya Fundi

Sheria ya Ulinzi wa Mitambo ya Majitaka ilipita bungeni alasiri moja, kati ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi, na hakuna aliyeipinga. Mheshimiwa aliyeuleta muswada alisema kwa uchungu kwamba maadui wanaweza kupenya kwenye mitambo yetu na kutia sumu majitaka. Wenzake wakapiga meza. Hakusimama hata mmoja kuuliza majitaka yangechafuka vipi zaidi ya pale waheshimiwa wenyewe walipokwisha kuyafikisha asubuhi ile. Chanzo cha yote, kwa anayetaka kujua, kilikuwa mifuniko miwili ya chuma iliyoibwa mtaani, mbali kabisa na mtambo wowote.

Sheria ikashuka ngazi kwa ngazi, na ilipofika chini kabisa ilimkuta Fundi amekaa barazani kwake, anakunywa chai na mama yake.

Nyumba yao ilikuwa ndani ya mtambo. Ilikuwa na vyumba viwili na jiko, hatua arobaini kutoka ukingo wa tangi la kwanza. Fundi alikuwa ameishi humo miaka ishirini na sita, yeye na mkewe, na watoto ambao sasa wameshaoa na kuolewa. Miaka kumi na miwili ya mwisho aliishi pia na mama yake, ambaye pale kazini wote walimwita Bibi. Miguu ya Bibi ilikuwa imechoka, macho yake nusu nusu. Pua yake ndiyo iliyobaki nzima.

"Leo inanukaje, mama?" Fundi aliuliza, kama alivyouliza kila asubuhi.

Bibi akainua uso, akavuta pumzi taratibu. "Udongo. Udongo uliopata mvua jana."

"Hakuna mayai viza?"

"Hakuna. Kunywa chai."

Harufu ya udongo ilimaanisha vile vijidudu vinavyokula uchafu ndani ya tangi vina afya na vinapumua. Mayai viza maana yake hewa imepungua, na Fundi angekimbia kuongeza kasi ya mashine za kupuliza. Kipimo cha hewa kilikuwa kimekufa miaka minne iliyopita. Fedha ya kipimo kipya ilitengwa mwaka huu, kisha ikanunua kamera kumi na moja, zote zikitazama geti.

Ofisini Fundi aliitwa Pua. Meneja alipoleta wageni alimwonyesha kwa fahari: "Huyu akinusa tangi anakwambia mji umekula nini jana." Fundi alitabasamu akatazama viatu vyake. Ukweli ni kwamba gesi za mashimoni ziliiua pua yake kidogo kidogo, bila yeye kujua, mpaka siku mkewe alipokuja mbio jikoni akamkuta amekaa kando ya sufuria inayoungua, anasoma gazeti. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Waliojua walikuwa watatu: yeye, mkewe, na Bibi. Ofisi ingejua, angeandikiwa barua kwamba hafai kwa kazi, akaenda zake na mkono mtupu.

Asubuhi ile chai ilikuwa haijapoa alipotokea mkuu wa walinzi wapya. Alikuwa mtu wa sare iliyopigwa pasi mpaka kwenye soksi, na kwa kuwa alikuwa ameihifadhi sheria nzima kichwani, wafanyakazi walikwisha kumbandika jina la Kifungu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Umetuletea nini?"

"Barua ya mzee hapa. Lakini inakugusa na wewe." Akaisoma yeye mwenyewe, amesimama wima. Mtambo umetangazwa kuwa eneo nyeti. Asiye mtumishi haruhusiwi kuingia, na mtumishi haruhusiwi kulala humo. Nyumba itakuwa chumba cha kamera. Siku saba.

"Eneo nyeti ndiyo wapi?" Bibi akauliza.

"Ni hapa, bibi."

"Hapa kwenye mavi?"

Kifungu akakohoa. "Kwa mujibu wa kifungu cha saba, bibi, ndiyo."

Mke wa Fundi alicheka jikoni mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, maana alimwona mumewe.

*

Meneja alimpokea Fundi huku akipanga ratiba ya uzinduzi wa uzio. Mheshimiwa angekuja mwenyewe kukata utepe.

"Mkuu, mimi nitahama, na mke wangu atahama," Fundi alisema. "Nilikuwa naomba mama abaki. Hata mchana tu, pale barazani. Ni mzee, miguu haimbebi."

"Akae barazani afanye nini?"

Fundi alikuwa na jibu, na lingemfukuzisha kazi. "Amezoea," akasema.

"Amezoea!" Meneja akaangua kicheko. "Wewe mtu wa ajabu. Watu wanalipa fedha kuwatoa wazazi wao kwenye harufu, wewe unaniombea mama yako abaki nayo? Mwenzio nakufanyia hisani."

"Ni kweli, mkuu."

"Uzio wa mita tatu, kamera kumi na moja, walinzi zamu tatu. Unajua mji mzima unatuonea wivu?"

Fundi hakujua mji gani unaouonea wivu mtambo wa majitaka, ila alisema ndiyo. Alitoka akiwa amejidharau. Alikuwa amekwenda kuomba haki akaishia kuomba huruma, na hata hiyo huruma ikachekwa.

*

Walipata chumba kimoja ng'ambo ya barabara, mkabala na geti. Bibi alikaa mlangoni siku ya kwanza, akainua uso, akanusa, akatikisa kichwa. Upepo wa pale huvuma kwenda mtamboni siku nyingi za mwaka. Alichosikia ni sabuni ya jirani na moshi wa magari.

Akajaribu kuingia kama mgeni. Mke wa Fundi alimshika mkono wakavuka barabara, wakafika getini wanahema.

"Jaza daftari, bibi," Kifungu alisema. "Unamtembelea nani?"

"Mwanangu."

"Uhusiano?"

"Nimekwambia mwanangu. Unataka uhusiano gani tena, nikutolee kitovu?"

"Sababu ya ziara?"

Bibi akamtazama mkwewe. "Andika nimekuja kukaa," akasema.

Kifungu alifungua mkoba wa Bibi, akatoa kitana, dawa ya miguu na leso. Dawa ya miguu aliinusa, akaiweka kando kama kitu cha kutiliwa shaka. Kisha akamwonyesha benchi la wageni, ndani ya geti, hatua mia mbili kutoka kwenye matangi. Ziara isizidi muda wa saa mbili. Benchi lilikuwa upande ule ule wa upepo mbaya. Bibi alikaa pale akiangalia magari ya kunyonya vyoo yakisimamishwa na walinzi, ambao walipanda juu, wakafungua mfuniko wa kila gari na kuchungulia ndani kama kuna kitu kichafu. Alipotoka alirudishiwa dawa yake ikiwa nusu.

"Sirudi tena," alisema njiani. "Nimekuwa mwizi uzeeni."

"Pole, mama," mkwewe akasema, naye alikuwa analia kwa hasira.

Jioni ile, mezani, ndipo mke wa Fundi alipotoa wazo. Alilitoa kwa kinyaa, kama mtu anayetoa nywele kwenye chakula.

"Kama Bibi haendi tangini, tangi lije kwa Bibi."

"Lije vipi?"

"Si unakwenda na hotipoti ya asubuhi? Walinzi wanawapekua akina nani?"

"Wanaoingia. Wanatafuta sumu."

"Na wanaotoka?"

Fundi alifikiri. Hakuna aliyewahi kuwapekua wanaotoka. Hata sheria, pamoja na vifungu vyake thelathini na tisa, haikuweza kumfikiria mtu wa kuiba mavi.

Tangu siku hiyo, Fundi alipokuja kula chumbani mchana, ndani ya hotipoti kulikuwa na chupa ya jamu imefungwa kwa kitambaa. Mkewe aliifungulia mlangoni, hakukubali ikanyage meza yake. Bibi alinusa, akasema udongo, au mayai, au sabuni nyingi leo watu wamefua, na Fundi alirudi kazini akijua la kufanya. Miezi miwili mambo yalikwenda hivyo. Maji yaliyotoka mwisho wa mtambo kwenda mtoni yalikuwa safi, na Meneja aliandika kwenye ripoti kwamba hayo ni matunda ya uzio.

*

Wiki ya uzinduzi, mkandarasi alileta watu wa kupaka uzio rangi ya kijani. Siku ya pili yao Bibi aliinusa chupa akairudisha nyuma haraka.

"Rangi," akasema.

"Rangi gani, mama?"

"Ya kupaka. Na yale mafuta ya kuchanganyia. Inachoma puani. Nani ameoga rangi?"

Fundi alikiacha chakula. Nje ya geti aliwakuta vijana wa mkandarasi wamefunua shimo la bomba kuu, wanasuuzia humo madebe yao. Pembeni kulikuwa na mapipa matatu ya thina yaliyokwisha kumiminwa. Walinzi wawili wenye silaha walikuwa wamesimama hatua tano kutoka pale, wamelipa shimo mgongo, wanalinda mtambo. Kwani mtambo wa majitaka una mlango mmoja mkubwa kuliko geti lolote, nao ni bomba lenyewe. Kila mwenye choo ana ufunguo wake. Hilo lilikuwa halijasemwa bungeni.

Alimkimbilia Meneja. "Mkuu, wanamwaga thina. Itaua vile vijidudu. Tufungue tangi la akiba, tuyaelekeze majitaka huko mpaka thina ipite."

"Valvu ya akiba ina mnyororo wa ulinzi. Ufunguo uko makao makuu ya kampuni ya ulinzi. Unaomba kwa maandishi, siku tatu za kazi."

"Siku tatu tangi litakuwa limekufa!"

Meneja akainuka kwa shida, wakaenda mpaka ukingoni. Akaziba pua kwa leso, akainama kidogo. "Mimi nasikia majitaka tu. Wewe unasikia rangi sasa hivi?"

"Nasikia," Fundi akadanganya.

"Fundi, mkandarasi huyu ni mtu wa mheshimiwa. Unataka nimwandikie kwamba uzio wa usalama ndio unaohatarisha mtambo? Niletee ushahidi. Si pua. Ushahidi."

Fundi akaenda kwenye mlango wa bomba akakinga chupa. Angeweza kuipeleka ofisini palepale. Lakini aliiinua mbele ya uso wake, akavuta pumzi mpaka kifua kikauma, na hakupata kitu. Huenda ile thina ilikuwa imeshapita. Huenda alikuwa ameshika maji matupu ya choo, amwekee bosi mezani siku mbili kabla ya uzinduzi. Aliogopa. Akaifunga kitambaa, akaiweka ndani ya hotipoti, ampelekee mama yake kwanza.

Mfuniko haukukaza. Getini hotipoti ilianza kudondosha.

"Mzee," Kifungu akasema, "mchuzi wako unavuja."

*

Kifungu aliiweka chupa juu ya meza ya Meneja, juu kabisa ya ratiba ya uzinduzi. "Kifungu cha kumi na moja. Kutoa nje ya eneo nyeti kitu chochote kinachotokana na mtambo. Ndiye wa kwanza nchini."

Alisema hayo kwa furaha ya baba aliyepata mtoto.

"Ulikuwa unampelekea nani?" Meneja akauliza.

"Mkuu, ifungue tu uinuse. Ni thina. Ushahidi ndio huo."

"Kielelezo hakifunguliwi," Kifungu akasema, akakizungushia utepe mwekundu.

"Nimekuuliza, unampelekea nani? Kuna mtu anakulipa?"

Fundi alitazama chupa, akamtazama Kifungu, akaona neno *adui* linavyosogea kumkalia. Akachagua aibu. "Mama yangu," akasema. "Ananusa. Mimi sinusi. Miaka tisa sasa sisikii harufu yoyote."

Meneja akafungua droo, akatoa kichupa cha manukato yake, akajipulizia kiganjani, akakiweka kiganja kile chini ya pua ya mtu aliyemzidi umri kwa miaka kumi na tano.

"Hii ni nini?"

"Sijui, mkuu."

"Nusa vizuri."

Fundi akanusa. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima machozi yalimtoka mbele ya watu. Kifungu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama dirishani.

"Miaka tisa unanidanganya," Meneja alisema. "Nimekuonyesha kwa wageni! Nimesimama mbele ya wakubwa nikasema pua, pua! Kumbe ni kikongwe?"

"Kazi ilikuwa inafanyika, mkuu."

"Kwa pua ya nani? Iko kwenye orodha ya mishahara?"

Kitambulisho kilikatwa kwa mkasi palepale. Barua ilisema amefukuzwa kwa udanganyifu, na kwamba shauri la kutoa majitaka litafuata.

Mkewe aliisoma mara mbili. "Ungewaambia zamani," akasema.

"Wangenifukuza zamani."

Mkewe akaichukua hotipoti akaanza kuisugua. Aliisugua mpaka alasiri.

*

Siku ya uzinduzi tangi la kwanza lilikuwa jeusi, na la pili linatoa povu la rangi ya kijivu. Lilipofika jua la saa nne, harufu ilipanda, ikavuka uzio wa mita tatu, ikapita chini ya kamera kumi na moja bila kujaza daftari. Ikaingia madukani, ikaingia madarasani. Watu walifunga madirisha wakagundua wamejifungia nayo. Mheshimiwa alifika na msafara, akakata utepe kwa mkono mmoja, mwingine umeshika pua, na hotuba aliyoandikiwa kurasa kumi aliimaliza kwa dakika tatu. Katika hizo tatu alisema kwamba adui amekwisha kupiga, ila sheria imemkamata. Redio ya jirani ilitangaza hivyo, na mke wa Fundi aliisikia akiwa amesimama uani na nguo mbichi mikononi. Kwa siku moja mumewe, mtu aliyelilea lile tangi kuliko alivyolea watoto wake, alikuwa adui wa taifa.

Saa tisa mlango uligongwa. Alikuwa Meneja, peke yake, bila tai, na leso mbili.

"Mpe daftari, mkwe," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake.

Mke wa Fundi alielewa mara moja. Akachomoa daftari kuukuu la mahesabu ya gesi, akalifungua ukurasa mtupu, akampa kalamu.

"Bibi, jamani..."

"Unamtembelea nani?"

"Nyinyi."

"Uhusiano?"

Meneja alimtazama Fundi kumwomba msaada. Fundi alikuwa anatazama sakafu. "Bosi," Meneja akasema. "Niliyekuwa bosi."

"Sababu ya ziara?"

Akaandika: *Kuomba*. Akaruhusiwa kukaa.

Alieleza haraka haraka. Maabara inataka wiki mbili kutoa jibu. Tangi linahitaji kuanzishwa upya, hatua kwa hatua, na hakuna anayejua liko hatua gani. Fundi hawezi kurudi, mheshimiwa ameshamtaja redioni. Lakini Bibi, kama angekubali, angeingizwa asubuhi kwa kadi ya mgeni, apelekwe kwa gari mpaka ukingoni, anuse, atoke.

"Na baraza yangu?"

"Kuna mitambo ya kamera pale sasa, bibi."

"Na mwanangu?"

"Sheria, bibi. Mimi ningekuwa na uwezo..."

"Hiyo thina amemwaga nani?"

Meneja akajifuta uso. "Uchunguzi unaendelea."

Bibi akanyoosha mkono, akagusa daftari. "Mkwe, huyu mgeni amepewa muda gani?"

"Dakika tano, mama."

"Zimekwisha. Asaini kutoka."

Na yule mtu akasaini kweli. Akaandika saa, akavuka barabara kurudi getini, ambako ilibidi atafute kadi yake kwenye mifuko yote kabla Kifungu hajamfungulia.

Fundi alibaki amesimama dirishani. Alimwona mwanamke anapita mbio amejifunika uso kwa kanga. Aliwaona watoto wa shule wameingiza pua kwenye kola za mashati. Mkewe alikuwa amelowesha kitambaa kwa siki, amejifunga puani, macho yamekuwa mekundu. Yeye peke yake alivuta hewa kama siku yoyote, nayo haikuwa na kitu. Ilikuwa kazi ya maisha yake ile inayooza pale ng'ambo, na hakuweza hata kuisikia.

Alivuta kiti akakaa karibu na mama yake, kama walivyokaa barazani.

"Leo inanukaje, mama?"

Bibi aliondoa leso puani ili amjibu vizuri. Akavuta pumzi, ikamkaba, akakohoa mpaka machozi yakatoka.

"Leo, mwanangu," akasema, "hata wao wanajua."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka kwenda kumfungia mama yake dirisha.